Jaribio la Arobaini na Moja

Solange Roumieu ana pua ya kukodiwa.
Asubuhi hanywi kahawa, hagusi kitunguu.
Anapanda ngazi za mawe za mji wa Grasse
kabla waoka mikate hawajafungua madirisha,
maana tanuri likishawaka
hewa yote ya mtaa ni mali ya ngano.

Wamemwandikia kutoka Paris, barua fupi:
*Tutengenezee lavenda ile ya wazee,
ila isiwe ya wazee.*
Chupa itakuwa nzito kama jiwe la kunolea,
kifuniko cha shaba,
bei, kodi ya nyumba ya mwezi mzima.

Lavenda ile anaijua.
Ilikaa shingoni mwa wanaume wa Valensole
kila Jumamosi, mmoja baada ya mwingine,
wakishuka kwenye kiti chekundu cha baba yake
mashavu yaking'aa kama mayai yaliyomenywa.
Anselme kinyozi alimimina viganjani maji ya kijani,
akapiga makofi mawili,
akayabandika usoni pa mteja
kama mtu anayeaga na kuzaba kibao kwa pamoja.
Kwenye chupa, picha ya kangaga.

Na kangaga, msomaji wangu, halinukii.
Lifikiche: utapata unyevu, basi.
Mtu fulani zamani aliketi akalitungia harufu,
juu lavenda, shuka jeupe kambani,
chini kuvumwani ya mwaloni,
na tonka, tamu kama nyasi kavu ghalani.
Watu wakanusa, wakaitikia: naam, hili ndilo kangaga.
Uongo ukikaa sana shingoni mwa watu
huzaa wajukuu.

Jaribio la kwanza hadi la tisa: sabuni.
La kumi na nne: bibi harusi kwa daktari wa meno.
La ishirini na mbili likarudi na neno moja la Paris:
*linanuka kinyozi.*

Linanuka.
Katika lugha hii niandikayo
kati ya kunuka na kunukia ni irabu moja tu,
nyembamba kama wembe,
na Solange alitembea juu yake siku nzima
asimwambie mtu kwamba kinyozi yule ana jina.

Jumapili akaenda Manosque, kwenye nyumba ya wazee.
Homa ya majira ya baridi ilimwachia Anselme uhai
ikaondoka na pua.
Akamsogezea ukanda: la thelathini na tisa.
"Karatasi," akasema mzee.
La arobaini.
"Karatasi, mwanangu. Lakini ndevu zinaniwasha."

Basi akachemsha maji.
Akakamua taulo, akamfunika nalo uso,
akangoja kama alivyomwona yeye akingoja,
akihesabu kimyakimya kwa midomo.
Povu. Wembe. Ngozi ya koo, legelege, ya kuvutwa kwa kidole gumba.
Na mvuke ulipopanda aliinama karibu akasikia
chuma kilichopata joto,
pamba iliyolowa,
na pumzi ya mtu aliyetulia tuli
kwa kuwa wembe uko kooni
na anamwamini aliyeushika.

Hilo halikuwa kwenye daftari lake.

Jaribio la arobaini na moja:
lavenda ya nyanda za juu, ile ileile,
tonka nusu, kuvumwani ya maabara
(ya mwituni huwasha ngozi, imewekewa mipaka ya matone),
na mvuke. Haambii mtu aliupataje.

Paris wakafurahi.
*Safi! Ya kisasa! Kinyozi hayumo hata chembe.*
Aliisoma barua mara mbili, akaikunja,
akaitia chini ya mguu wa meza unaoyumba.

Anselme akauliza bei.
Alipotajiwa alicheka hadi meno ya bandia yakalegea.
Kisha akanyoosha mikono, "Lete,"
akamimina, mengi mno, kodi ya wiki nzima,
akapiga makofi mawili
akambandika bintiye usoni.

"Je?" akauliza. "Inanukia?"